Kadi Niliyopewa na Pakiteng

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuacha mwishoni nitaona aibu kuusema. Nilitoa mtamba nikapewa kadi ya kompyuta, na kadi yenyewe sikuijaribu. Niliyebadilishana naye ni kaka wa mke wangu. Kwetu Wamaasai, watu wakishapeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina. Mimi nilimpa ng'ombe wakati wa kumwoa dada yake, na tangu siku hiyo yeye ananiita Pakiteng na mimi namwita Pakiteng, hadi mmoja wetu azikwe. Sasa mtu wa namna hiyo akikuletea kitu mkononi, utakichomeka mbele yake uone kama kinafanya kazi? Huwezi. Ni sawa na kumwita mwizi ndani ya nyumba ya dada yake.

Yeye kwa mtamba hakuwa na haya hata kidogo. Alimzunguka mara mbili, akamshika mkia, akamfungua mdomo, akampapasa tumbo, akaniuliza mama yake anatoa maziwa kiasi gani. Wala sikuudhika, kwa sababu ng'ombe ndivyo anavyopokelewa. Ukimpokea bila kumkagua, mwenye ng'ombe ndiye anayenuna. Ila hakuna mzee aliyewahi kutufundisha kadi ya kompyuta inapokelewaje. Mimi niliipokea kwa mikono miwili na nikashukuru.

Nina studio ya video hapa Karatu, chumba kimoja kwenye fremu za maduka, kimepakana ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Napiga harusi, sendoff, kipaimara, misiba. Wiki hii niko Kansay kwenye ubarikio, wiki ijayo niko Mang'ola kwa tajiri wa vitunguu anayeoza binti. Kwa kazi hizo kompyuta yangu ya mezani ilitosha, ingawa ilikuwa mzee wa kukohoa. Lakini filamu niliyotaka kuitengeneza safari hii ilikuwa ya baba.

Baba alikuwa bado anaishi kule juu Ngorongoro, upande wa Endulen, pamoja na ng'ombe wake. Alipoanza kujigonga bega kwenye fito za zizi alilolijenga mwenyewe, nikamleta Karatu hospitali. Wakasema ni presha ya macho. Daktari alieleza kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone yatachelewesha tu hicho kilichobaki. Kilichobaki alinionyesha kwa kukunja ngumi, akaacha katundu kadogo katikati, akakaweka kwenye jicho langu. Nikaona kipande cha kalenda ukutani, basi. Nilimuuliza kitadumu muda gani. Akasema ni miezi, na hakutaka kuniambia mingapi.

Baba hakuuliza habari za macho. Tulipofika nyumbani aliuliza nani anachunga. Kesho yake asubuhi, tukinywa chai, akasema jambo moja tu, na baba ni mtu ambaye akiomba kitu humwombi akirudie: "Nataka niwaone ng'ombe wangu mara moja tena, mmoja mmoja. Baada ya hapo sina neno."

Kumrudisha juu kusingesaidia. Kule ng'ombe hasimami akusubiri. Akisogea hatua tano tu, kwa macho ya baba anakuwa ukungu. Ndipo nikapata wazo, na wakati ule nilijiona nina akili sana. Nitawarekodi ng'ombe wote kwa karibu, nije niwaweke kwenye TV, kila mmoja peke yake, mkubwa, rangi zimekolezwa, nyekundu iwe nyekundu kweli na nyeupe iwe nyeupe, ili hata kwa kale katundu awapate. Baba angeketi pua karibu na kioo, naye angewaona.

Niliazima kamera kwa rafiki yangu mmoja anayewapiga picha watalii, kamera nzuri kuliko chochote nilichowahi kushika. Nikapanda juu nikalala bomani siku mbili. Niliwapiga wakitoka alfajiri, nikawapiga wakinywa maji, nikampiga mama mdogo akikamua huku akiwaimbia, nikamfuata ng'ombe mmoja mmoja hadi wakanichoka. Nikarudi na mzigo mzuri. Kompyuta yangu ilipoufungua ule mzigo, ikagoma. Picha ilikuwa nzito mno kwake. Ilionyesha ng'ombe amenyanyua mguu, ikasimama, na ng'ombe akabaki na mguu hewani kama anafikiria.

Hapo ndipo Pakiteng alipotokea na kadi yake. Alikuwa na chumba cha gemu Arusha, kikafungwa, akabaki na vifaa. Akasema hii kadi ndiyo inayobeba picha, ukiiweka humo kompyuta yako itakimbia. Alikuwa amemwona yule mtamba siku nyingi. Mke wangu alinitazama, nami nikajifanya sijaona. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Siku niliyoichomeka nilifurahi kwa muda wa chai moja. Feni zilizunguka, taa ikawaka, na kompyuta ikaandika jina la kadi kubwa, kadi ambayo watu wa video Arusha wanaitaja kwa heshima. Nikaanza kazi. Ng'ombe wa kwanza alitembea vizuri hadi akavuka kioo. Wa pili akaanza kusitasita. Wa tatu akasimama na mguu hewani, vilevile kama mwanzo.

Mke wangu aliyaona yote hayo akiwa ameniletea chakula studio. Akasema, kwa utulivu, kwamba kamera ina tundu la waya na TV ya nyumbani ina tundu la waya, basi nimchomekee mzee aangalie hivyo hivyo, leo. Nilimweleza kama fundi anavyomweleza asiyejua. Zile picha ni ghafi. Asubuhi ilikuwa na ukungu, ng'ombe wamechanganyikana, wengine wako mbali. Baba ataona weupe mtupu na atakata tamaa. Nikamwambia anipe siku mbili tatu nimalize kazi.

"Haya, fundi," akasema, akachukua sahani zake.

Jioni ile mwenye kamera alikuja kuichukua, alikuwa na wageni wa kuingia nao kreta kesho yake. Nikampa. Hilo ndilo kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakaa chini.

Basi nikaanza kuitafutia kadi ugonjwa. Kwanza nikasema ni programu zake. Nikafuta za zamani, nikapakua mpya, bando likaisha, nikanunua jingine, nikaweka, nikazima, nikawasha. Ng'ombe wa tatu mguu hewani. Nikasema ni joto. Vumbi la Karatu mnalijua, jekundu, linaingia hata kwenye mayai. Nikaifungua kadi, nikaibeba hadi kwa fundi pancha wa barabarani, akaipuliza kwa upepo wa matairi, na wingu lililotoka humo lilitufanya sote wawili tupige chafya. Nikatafuta ile dawa nyeupe ya kupozea, inayofanana na dawa ya meno, nikaipaka upya. Joto likashuka kweli, nikapiga kofi la furaha. Kadi ikawa ya baridi na mvivu vilevile.

Nikasema ni umeme. Hapo nilikuwa na hakika, kwa sababu mashine ya kusaga ikiunguruma taa yangu hufifia, na mahindi yalikuwa yamevunwa, akina mama wamepanga madebe kuanzia asubuhi. Nilimlaumu mwenye mashine wiki nzima kimoyomoyo, na nilipopita kwake nilimsalimia kwa mkato. Nikasubiri Jumapili, watu wote wako kanisani na mashine imefungwa, nikawasha. Umeme ulikuwa umenyooka, taa nyeupe. Ng'ombe mguu hewani. Jumatatu nilimsalimia jirani vizuri, naye akashangaa.

Nikaazima pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, kwenye duka la steshenari, nikidhani yangu ni dhaifu. Nikaihamisha kadi tundu hili nikaitia lile. Nikafuta miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Nikaitukana kwa Kimaasai, kwa sababu kwa Kiswahili nilikuwa nimemaliza. Siku mbili tatu nilizoziomba zikawa wiki tatu.

Na nyumbani baba alikuwa anangoja. Nikimuuliza macho yakoje leo, anajibu yako salama. Matone tulimtilia kwa saa, hayakukosa hata siku moja. Ila kuna kitu nilikiona. Watoto wetu humsalimia babu yao kwa kuinamisha kichwa, naye huweka kiganja utosini, ndiyo heshima yetu. Alipofika kwetu mkono wake ulikwenda moja kwa moja. Baadaye ukaanza kuchelewa, ukasimama hewani kidogo kabla ya kushuka. Kisha siku moja nikamwona binti yangu mdogo amejisogeza, akapeleka utosi wake hadi chini ya mkono wa babu, akautia pale. Hakuna aliyemfundisha. Nikatoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo. Nililia, sina haja ya kuficha.

Siku ile nikampigia Pakiteng simu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nitamwambia kadi ina tatizo, nitauliza kule Arusha aliitumiaje, nani alimpa. Bora lawama kuliko fedheha, nikajisemea. Akapokea kwa furaha. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za dada yake, akauliza macho ya mzee kwa huruma ya kweli, akaniita Pakiteng mara nne. Halafu akaniambia mtamba amepandwa na ameshika mimba. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema. Kumbe huzaa akishafika kwa mwingine. Nikamwambia nimefurahi kusikia. Akauliza na ile kadi, inakusaidia? Nikasema inasaidia, Pakiteng, ahsante sana. Nikakata simu, nikabaki nimeishika.

Mke wangu alikuwa amesikia. Nilidhani atanicheka, lakini aliniambia tu kwamba angenichukia kama ningemgombanisha na kaka yake, na ananichukia kidogo kwa kutofanya hivyo.

Nilibakiza mtu mmoja, fundi wa simu na kompyuta karibu na stendi, mzaliwa wa Daa, Mwiraqw mkimya anayefanya kazi na redio ya kwaya. Nilikuwa nimemkwepa kwa kiburi; mtu wa studio hapeleki kompyuta yake kwa mtu wa simu. Aliipokea kadi, akaigeuza, akaipima uzito kiganjani. Hakuichomeka popote. Akaondoa feni, akaipangusa ile dawa yangu yote niliyoipaka kwa upendo, akamulika tochi kwenye kile kidude cha katikati, akasoma maandishi madogo yaliyo juu yake. Akaenda kuyaandika kwenye simu yake, akarudi.

Aliniambia polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Kidude hiki ni cha kadi ndogo, ya zamani sana. Kuna watu huko zinakotoka wanaichukua kadi kama hii wanaiandikia ndani jina la kadi kubwa. Kompyuta ikiiuliza wewe nani, inajibu kwa lile jina la kuandikiwa, na kompyuta inaamini. Inajitangaza ina kumbukumbu ya giga nne, kumbe inayo moja. Kazi ikizidi ile moja, inasimama, au inazima kioo kabisa.

"Haijaharibika," akasema. "Huo ndio mwisho wa uwezo wake."

Nilimuuliza kama inaweza kurekebishwa. Akasema mtu anaweza kuirudishia jina lake la kweli. Nikauliza hiyo itasaidia nini. Akasema, hakuna. Akauliza kama niliijaribu kabla ya kuichukua. Nikamweleza niliipata kwa nani, na yeye, ingawa si Mmaasai, amekaa nasi vya kutosha. Akashusha macho, akaifunga skrubu zake. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nililifunga mwenyewe. Kama Pakiteng alijua, sijui. Huenda naye aliipokea kwa mikono miwili kwa mtu wake. Siku hizi napenda kuamini hivyo, nikishindwa nalala.

Fundi alinishauri niiache kadi ionyeshe picha tu, nyepesi, na ile kazi ya kuitoa filamu nzima, ambayo sisi tunaiita kurenda, niiachie kompyuta yenyewe ifanye kwa nguvu zake. Itachukua siku nyingi, lakini itafika. Nikafanya hivyo. Nilipunguza ukubwa, nikaigawa filamu vipande, ng'ombe wawili wawili. Kila kipande kilikula mchana mzima. Umeme ukikatika, kipande kinaanza upya. Nilikuwa naketi mbele ya namba inayopanda, tatu kwa mia, nne kwa mia, huku upande wa pili wa ukuta mashine ikisaga, na nilikuwa nimeacha kuomba Mungu iende haraka. Niliomba tu isirudi nyuma. Wateja wawili walihamia studio nyingine. Sikuwafuata.

Ilipokamilika niliifunga kompyuta kwenye shuka nikaipakia kwenye bajaji kwenda nyumbani, kwa sababu TV yetu ni ya zamani na tundu lake la flashi lilikufa kitambo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri. Nikafunga mapazia chumba kiwe na giza kidogo. Baba aliletwa akaketi kwenye kigoda, karibu sana, fimbo katikati ya magoti, amevaa lubega lake jipya. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri, mke wangu aliniambia, alioga na kuomba mafuta ya kujipaka.

Picha ikaja. Ng'ombe wa kwanza, yule mweusi mwenye baka jeupe begani, alijaza kioo chote, ukungu nimeutoa, manyoya unayahesabu. Sikuwahi kutengeneza picha nzuri namna ile. Nilimtazama baba badala ya kutazama TV. Alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali. Wa pili akaja, wa tatu akaja akapita, mguu ukashuka chini kama miguu mingine, na mimi nikaanza kupumua.

Tulifika kwenye kundi linapotoka zizini, wote kwa pamoja. Kioo kikawa cheusi.

Sauti haikukatika, kwa sababu sauti ya kompyuta yangu haipiti kwenye kadi, ina spika zake. Kengele ziliendelea, kwato kwenye mawe, ndama anayelia, mama mdogo akiwaita. Nikainuka haraka. Nilikuwa nimeshashika waya nyuma ya TV, nimeinama, natafuta niuchomoe upande gani, nikamsikia baba nyuma yangu.

"Huyo mwekundu amenona," akasema.

Niligeuka. Alikuwa ameegemea mbele juu ya fimbo, uso umeng'aa, macho yamefunguka wazi yakielekea kwenye kioo ambacho hakikuwa na kitu. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, nisimame hapo hapo.

Nikamuuliza, "Unamwona vizuri, Baba?"

"Nawaona wote," akasema. "Umefanya kazi, mwanangu."

Sijui aliacha kuona lini. Huenda alimwona yule mweusi, huenda hakumwona. Huenda ilikuwa imeshapita wiki nzima, mbili, na yeye ananijibu yako salama kila asubuhi, ananingoja nimalize ili asinivunje moyo. Sikumuuliza na hakuniambia.

Niliuacha ule waya. Nikaketi sakafuni karibu na mguu wake, na kila kengele ilipolia nikawa namtajia ni ng'ombe gani anayepita, ingawa mimi siwajui kwa kengele na nilikuwa nabahatisha tu. Naye kila mara alinijibu, ndiye.